Baiskeli ya Derick

Jina la Derick lilitangulia kuingia nyumbani kwa Lerionka kabla ya mwenyewe. Liliingia Jumamosi moja asubuhi, Violet aliporudi kutoka safari yake ya kwanza na kikundi cha baiskeli, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali, uso unang'aa kwa jasho. Alikaa kizingitini akaanza kuvua raba.

"Derick anasema nina pumzi," alimwambia mumewe. "Anasema wengi wanaoanza, wakifika kituo cha Kwa Idd tu wanashuka wanakokota."

Lerionka alikuwa anakunywa chai. "Derick ndiye nani?"

"Si yule fundi simu wa pale kona. Ndiye kiongozi wetu."

"Aha," alisema Lerionka, akaendelea na chai yake.

Hakuwa na sababu ya kusema zaidi. Baiskeli aliinunua mwenyewe kwa wauza mitumba, akaitengeneza kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti hapo hapo Sakina, akaipaka rangi ya bluu. Daktari alikuwa amemwambia Violet kwamba presha inapanda kwa kukaa kwenye cherehani kutwa nzima, na kwamba asipotafuta mazoezi atatafutiwa vidonge. Lerionka alidhani mazoezi maana yake ni kwenda sokoni na kurudi. Hakujua kwamba Jumamosi alfajiri kuna watu wazima wanaovaa kaptura za kubana na kofia ngumu, wakapanda barabara ya Nairobi mpaka Ngaramtoni kwa hiari yao, bila kubeba hata dumu la maziwa.

Wiki zilivyokwenda, jina lile likazoea nyumba. Derick anasema tusile sana usiku wa Ijumaa. Derick kamwonyesha Nasieku namna ya kurudisha mnyororo. Hata huyo Nasieku, binti yao aliyekuwa darasa la pili, alianza kumwita anko. Violet alikuwa anacheka peke yake akisoma ujumbe wa kikundi kwenye simu, kisha anamsomea mumewe, na mumewe hakuona cha kuchekesha. Siku moja alimwonyesha picha: yeye juu ya baiskeli, mdomo wazi kwa kicheko, na nyuma yake mkono wa mtu umeshika tandiko.

"Mkono wa nani huu?"

"Wa Derick. Alikuwa ananisukuma kilimani. Mwenzio nilikuwa nimekwisha."

Lerionka aliitazama ile picha mpaka simu ikazima kioo. Violet alikuwa na miaka kumi ndani ya nyumba yake, na mumewe hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kumwona akicheka mpaka magego.

Pale karakana mteja mmoja, mzee wa kanisani, alikuja kuchukua dirisha lake akasema, "Leo nimempita shemeji barabarani na vijana wake. Kapendeza! Karudi msichana kabisa." Mafundi wenzake walicheka kidogo, kicheko cha adabu. Lerionka alivaa miwani ya kuchomelea, akainamia chuma ambacho hakikuwa na kazi yoyote iliyobaki.

Jioni ile alimwambia mkewe, "Jumamosi nakuja na mimi."

Violet alifurahi. Hilo nalo lilimuuma, kwamba alifurahi kweli, bila kushtuka hata kidogo, kama mtu asiye na cha kuficha. Au kama mtu hodari wa kuficha. Usiku kucha aliyapima yote mawili.

* * *

Baiskeli aliazima kwa jirani. Ilikuwa nzito, na yeye mwenyewe alikuwa mzito. Mikono ya fundi chuma ni ya kuinua, si ya kusafiri. Kabla ya kufika Kwa Idd kikundi kilikuwa kimemwacha. Aliona mgongo wa Violet, ile fulana ya njano, ukiyeyuka mbele kati ya malori ya Namanga.

Aliyegeuza kumrudia ni Derick. Alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti, wa umri ambao Lerionka angeweza kumtuma dukani. Alijipanga pembeni yake, mwendo wa kobe.

"Pole pole tu, kaka. Hakuna mashindano."

"Nani kasema nashindana?"

"Hapana kaka, nasema tu. Kila mtu alianza hivi. Hata dada Violet."

Lerionka alikaza pedeli. Angependa Derick amcheke. Mtu akikucheka unajua pa kumshika. Huyu alimsindikiza njia nzima, akimwonyesha mashimo ya barabarani, na walipofika Ngaramtoni wenzao walikuwa wamekwisha kunywa soda. Walipiga makofi kumpokea. Violet alipiga makofi kuliko wote.

Wiki iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata. Alipungua mwili kidogo, akapata kufika pamoja na wa mwisho mwisho. Lakini hakuipenda ile safari. Wenzake walitazama Mlima Meru ukifunguka wingu. Yeye alitazama ni nani yuko pembeni ya nani.

Derick alikuwa na baiskeli ya peke yake, nyembamba kama mifupa, rangi ya fedha. Watu wa kikundi waliiita fiksi. Baiskeli ya kawaida ukiacha kupiga pedeli, gurudumu linaendelea na miguu inapumzika. Hii sivyo. Mnyororo wake umeshikana na gurudumu la nyuma moja kwa moja: gurudumu likizunguka, pedeli lazima zizunguke, na miguu yako nayo, utake usitake. Ilikuwa na breki moja tu, ya mbele. Kuipunguza mwendo ni kwa kuikaza miguu kidogo kidogo, na hilo huja kwa mazoea.

Jumamosi ya mkasa walipanda mpaka Olmotonyi, kwenye misitu ya kupandwa, wakapumzika kwenye uwanja wa majani. Sabina, muuguzi aliyekuwa na kikundi tangu mwanzo, aligawa ndizi. Violet akaomba kuijaribu fiksi. Derick alikimbia pembeni yake akishika tandiko, kisha akaachia, na Violet akazunguka uwanja peke yake, magoti yanapanda na kushuka kama ya mtu anayecheza ngoma, anapiga kelele, "Jamani, haikubali kusimama! Haikubali!" Watu walishangilia. Aliposhuka alijishikiza kwenye bega la Derick ili asianguke. Alilishika kwa muda ambao mtu hulishika bega asianguke. Lerionka aliuona ni mrefu.

Wakati wa kuondoka alimfuata Derick. "Nipe na mimi niteremke nayo."

Derick alisita. "Kaka, kwenye mteremko si mchezo. Izungushe kwanza hapa uwanjani, halafu siku nyingine—"

"Mke wangu kaipanda. Mimi ndiye nitashindwa?"

"Si kushindwa. Hii ukisahau ukasimamisha miguu, inakurusha. Usiache kupiga pedeli hata kidogo. Ukiona inakuzidi, bonyeza breki taratibu, usiikamate ghafla."

"Nimesikia. Nipe."

Watu walikuwa wanaangalia. Derick alimpa, akachukua ile nzito ya kuazima. Sabina, aliyekuwa karibu akifunga mfuko wa maganda ya ndizi, alitikisa kichwa.

Mwanzo wa mteremko ulikuwa mtamu. Kwa mara ya kwanza Lerionka alikuwa mwepesi. Aliwapita wawili, akampita Sabina, upepo unampiga kifuani, miguu inakimbizwa kama inayoendeshwa na mtu mwingine. Kisha mbele, baada ya kona, akawaona. Violet na Derick walikuwa wanashuka sambamba, na Violet aligeuza uso kumwambia Derick kitu, akacheka. Kicheko hakikumfikia kwa sababu ya upepo. Aliona meno tu.

Hakupunguza. Aliongeza. Kati yao palikuwa na nafasi ndogo ya mtu mmoja mwembamba, naye alijiingiza humo, akatanua kiwiko kutengeneza njia. Kiwiko kikagonga mkono wa Violet. Alipohisi kimegonga, alishtuka, na miguu yake ikafanya kile ambacho miguu ya mwendesha baiskeli hufanya siku zote akishtuka: ikasimama.

Pedeli hazikusimama. Zilimwinua kutoka kwenye tandiko, usukani ukajipinda, na baiskeli ya fedha ikaenda chini ubavu, ikamzoa Violet na baiskeli yake ya bluu. Derick alipona kwa kutumbukia mtaroni. Lerionka alisota juu ya lami, akainuka na viganja vilivyochubuka na goti lililochanika, akaanza kusema, "Mama Nasieku! Mama Nasieku!"

Violet alikuwa amekaa katikati ya barabara ameshika bega la kulia, mdomo wazi, bila sauti.

* * *

Pikapu iliyokuwa imebeba kabichi iliwachukua mpaka hospitali. Daktari alitazama picha akasema mtulinga umevunjika, ule mfupa unaopita chini ya shingo kwenda begani. Mkono ufungwe, usifanye kazi yoyote mpaka atakaposema yeye. Violet aliuliza kitu kimoja: lini atarudi kwenye cherehani. Ulikuwa msimu wa kushona sare. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kwenye kibanda chake vitambaa vya watu vilikuwa vimepangwa mpaka darini.

"Sahau cherehani kwanza," daktari alisema.

Ndesanjo, kaka yake Violet, alifika akiwa na suti, ametokea harusini. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini na sauti ya mtu aliyezoea kupunguziwa bei. Alimkuta Lerionka kwenye korido, viganja vimepakwa dawa ya njano.

"Shemeji, imekuwaje?"

"Baiskeli imenishinda. Haikuwa yangu."

"Ya nani?"

"Ya Derick. Kiongozi wao."

"Nasikia haina breki."

"Ina moja. Ya mbele. Na pedeli hazisimami."

Ndesanjo alimkodolea macho. "Akakupa baiskeli ya namna hiyo uteremke nayo mlima? Hakukueleza?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa linasubiri mdomoni. Lerionka alitazama sakafu. Aliona tena yale meno ya Violet, upepo, na kaptura za kubana.

"Hakunieleza," alisema.

Lilipotoka, alipata nafuu. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye, ile nafuu.

* * *

Mama mkwe alifika kutoka Machame na ndizi za kupika, maziwa, na begi linaloonyesha kwamba hana haraka. Jina lake Hedwiga. Lerionka alimpokea begi huku ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na ajali." Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria ambalo Lerionka alikuwa amepikia mboga, akanusa, akawamwagia kuku.

Nyumba ikawa na zamu mpya. Hedwiga alimwogesha binti yake, akamsuka, akamlisha. Lerionka hakupata hata kumfunga vifungo vya blauzi. Akija na kikombe cha uji, alikuta mwingine umekwisha kunywewa. Wazazi wa wanafunzi walikuja mmoja mmoja, wakasema pole, wakakaa kidogo kwa adabu, kisha wakauliza kama wanaweza kuchukua vitambaa vyao wakatafute fundi mwingine. Violet aliwaelekeza kwa mkono wa kushoto: kile cha buluu pale juu, kile cha rangi ya damu ya mzee chini yake. Wa mwisho kuondoka alichukua na futi ya kupimia kwa bahati mbaya, akaona haya kuirudisha, akamtuma mtoto.

Jumapili baada ya ibada, Derick alikuja na Sabina. Walileta machungwa na sukari. Violet alikuwa chumbani amelala; mlango ulikuwa pazia tu. Ndesanjo alikuwepo sebuleni na hakumpa Derick nafasi ya kumaliza pole yake.

"Kijana, dada yangu ni fundi. Mkono ule ndio shamba lake. Wewe unampa mtu mzima kitu kisicho na breki, humwelezi, unategemea nini? Mimi ningeweza kulipeleka hili polisi leo hii."

Derick alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi. "Nilimweleza, kaka. Nilimwambia asiache kupiga pedeli."

"Shemeji. Alikueleza?"

Wote walimgeukia Lerionka. Derick alimtazama bila hasira, kwa matumaini, kama mtu anayejua shahidi wake amefika. Lerionka alikuna kidonda cha kiganja.

"Kulikuwa na kelele," alisema. "Sikumbuki kusikia."

Sabina alifungua mdomo. Derick akamgusa mkono, na Sabina akaufunga. Labda Derick alikumbuka kwamba mwisho wa yote ni yeye aliyeitoa ile baiskeli. Labda aliona tu kwamba nyumba ile haikuwa na mtu wa kumsikiliza.

"Basi niambieni gharama za hospitali," alisema kwa sauti ya chini. "Nitazilipa."

Walipotoka, Lerionka aliwasindikiza mpaka getini, kama inavyotakiwa. Derick hakusema kwaheri. Lerionka aliporudi, mama mkwe na Ndesanjo walikuwa nyuma ya nyumba na mtoto. Aliinua pazia. Violet alikuwa macho.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona wapi?"

"Pale mteremkoni. Usinifanye mjinga, Baba Nasieku. Miguu ilikushinda, sawa. Na kiwiko je?"

Lerionka alibaki ameshika pazia.

"Nilidhani utasema mwenyewe," Violet aliendelea. "Nikasema ngoja aibu yake iishe, atasema. Sasa nimekusikia ukisema. Umesema hukusikia."

"Ulikuwa unacheka naye."

"Nilikuwa nacheka naye." Hakulikwepa. "Napenda kuongea na Derick. Nikiwa juu ya ile baiskeli mimi si mama wa mtu wala fundi wa mtu. Hajawahi kunishika vibaya, wala sijawahi kumtaka. Lakini napenda, ndiyo. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza. Ulinigonga."

* * *

Baada ya siku ile Lerionka alipata kila alichokuwa anakitaka. Derick aliacha uongozi wa kikundi. Watu walisema ameiuza ile fiksi kwa Mzungu mmoja wa Njiro ili apate pesa za hospitali. Jumamosi zilipita bila mtu kupiga kengele getini. Jina lake halikutajwa tena mezani.

Lakini amani haikuja. Zamani Violet alikuwa anamwambia kila kitu, Derick kasema hivi, Derick kafanya vile, na yeye alikuwa na cha kuchukia. Sasa Violet alikuwa kimya. Alikaa uani na mkono wake uliofungwa, akitazama kule ambako mlima huonekana wingu likiondoka, na Lerionka hakujua kilichomo kichwani mwake. Alianza kumwonea wivu hata mama mkwe, aliyejua mkewe anataka chumvi kiasi gani. Alimwonea wivu Nasieku, aliyekaa kwenye miguu ya mama yake akisomewa hadithi, na wote wawili wakanyamaza alipoingia. Kazini alichomelea geti la mtu, bawaba zikawa upande usiofaa, akalikata lote upya wakati mwenye geti anamsimamia.

Jumapili nyingine Ndesanjo alikuja ameridhika. Walikuwa wamemaliza kula. Hedwiga alikuwa anakusanya sahani, Violet amekaa kwenye kiti cha pembeni. Ndesanjo alitoa bahasha mfukoni, akaiweka mbele ya Lerionka.

"Yule kijana kamaliza. Si mbaya. Amekuja mwenyewe dukani."

Bahasha ilikaa pale. Lerionka alitazama mkewe, akidhani atamkuta anamtazama. Violet alikuwa anatazama mikono yake. Hakuwa anamngojea tena. Alikuwa ameacha kumngojea, na Lerionka aliliona hilo wazi kuliko alivyowahi kuona chochote katika miezi ile yote.

"Mrudishie," alisema.

"Unasemaje?"

"Mrudishie hela yake, shemeji. Alinieleza. Alinieleza vizuri, mbele ya watu, Sabina akiwepo. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania." Aliweka viganja mezani. "Na si baiskeli iliyomwangusha Violet. Niliwaona wanacheka, nikajiingiza katikati yao. Nilitoa kiwiko. Ndipo yote yakafuata."

Hedwiga alisimama na sahani mkononi. Ndesanjo alicheka kicheko kifupi, kama mtu aliyesikia bei ya ajabu.

"Kwa hiyo umemvunja dada yangu kwa wivu."

"Ndiyo."

"Na ukanikalisha mimi hapa, nimtukane mtoto wa watu, wewe umekaa unakuna mkono."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite shemeji." Ndesanjo alisimama. Alikuwa mwekundu wa macho, na ilionekana kwamba kilichomuuma zaidi ni kufanywa mjinga. "Mama, mfungie Violet nguo zake. Anakwenda nyumbani."

Hedwiga aliweka sahani chini, akaanza kwenda chumbani. Alipompita Lerionka alisimama.

"Baba yake Violet alikuwa na wivu," alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Alijigonga mwenyewe kwa pombe. Hakunigusa mimi."

Violet alikwenda. Si kwa kuburutwa. Alisimama mwenyewe, akamvalisha Nasieku sweta kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Mlangoni alimwambia mumewe, "Nakwenda mpaka mfupa uunge. Baada ya hapo nitajua."

"Utajua nini?"

"Sijui bado, Baba Nasieku. Ndiyo maana nakwenda."

* * *

Bahasha aliipeleka mwenyewe. Kibanda cha Derick kilikuwa kimejaa watu, kwa hiyo Lerionka alisimama kwenye foleni nyuma ya mama aliyekuwa na simu iliyoingia maji. Zamu yake ilipofika alisema aliyokuja kusema, mbele ya wale wateja, sauti juu kidogo kuliko ilivyohitajika, maana alijua akisema taratibu atayapunguza. Watu waliacha kuongea. Mwanamke mmoja alisema "Mh!"

Derick hakuinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa anaifungua. Alikaza bisibisi, akalegeza.

"Ungesema siku ile, kaka," alisema. "Siku ile ningefurahi."

"Najua."

"Baiskeli imeshakwenda. Ile nilikaa miaka miwili kuipata, kipande kipande." Alivuta bahasha kwa kidole, akaisogeza chini ya meza bila kuifungua. "Dada anaendeleaje?"

Hata hapo, na aibu yote ile kichwani, Lerionka aliuhisi wivu ukiamka aliposikia neno dada kutoka kwenye mdomo ule. Alisubiri ulale.

"Yuko Machame. Mfupa unaunga."

"Mpe pole."

Hakumpa mkono. Mama aliyefuata alikuwa tayari anasogeza simu yake mbele.

Kipindi kile Lerionka alijifunza kukaa na nyumba tupu. Kila jioni alipiga simu, na Nasieku ndiye aliyepokea. Alimweleza habari za ng'ombe wa bibi na mpira wa shule ya huko, alikohamishiwa kwa muda. Siku nyingine alisikia sauti ya Violet nyuma ikisema "mwambie baba usiku mwema," na siku nyingine hakusikia. Hakuuliza mama yuko na nani. Alilifunga swali hilo kwa meno.

Violet alirudi mwenyewe, bila kusindikizwa na Ndesanjo, siku ya katikati ya wiki mchana, wakati mumewe yuko kazini. Lerionka alipotoka kazini alimkuta kibandani, amekaa mbele ya cherehani, anajaribu kukanyaga taratibu, mkono wa kulia unaongoza kitambaa kwa woga.

"Umerudi," Lerionka alisema.

"Nimerudi kwenye nyumba yangu," alisema Violet. "Na wewe umo. Tutaona."

Walianza kuona. Walilala kitanda kimoja na nafasi katikati. Waliongea habari za mtoto, maji na luku ya umeme. Siku moja Violet alimwita amfunge kifungo cha mgongoni ambacho bega lilikuwa halijafikia, na Lerionka alikifunga taratibu kama mtu anayefunga cha kwanza maishani. Violet hakumshukuru. Lakini kesho yake alimwita tena.

Kisha daktari akamruhusu. Ijumaa jioni Violet aliitoa baiskeli ya bluu stoo, akaifuta vumbi, akajaza upepo. Usukani ulikuwa bado umepinda kidogo. Alimpa mumewe aunyooshe, na yeye akaunyoosha kwa uangalifu wote alionao.

Alfajiri watu wa kikundi walisikika barabarani, wamesimama wanaongea. Walikuwa wamemrudisha Derick uongozini; sauti yake ilikuwa miongoni mwao, na kila mmoja ndani ya nyumba aliisikia. Violet alifunga kamba za kofia chini ya kidevu.

"Naogopa," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Naogopa ule mteremko."

Lerionka alikuwa amesimama karibu na geti, mkono kwenye komeo. Maneno yalikuja yote kwa mpigo, yale yale ya zamani: nani atakaa pembeni yako, mtarudi saa ngapi, kwa nini umevaa ile ya njano. Yalijaa mdomoni yakachemka. Violet alimtazama, akayaona yanavyochemka, akangoja, mkono wake umeshika usukani na mguu mmoja tayari juu ya pedeli.

Lerionka aliyameza. Yalikwenda chini kwa shida, na alijua hayakufa.

"Shuka pole pole," alisema. Akamfungulia geti.